Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya reli: Ziandikeni stesheni ndogo za njia ya Tanga kabla hazijafutika

Korogwe, Mkoa wa Tanga

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya reli, pamoja na wenzenu wenye dhamana ya mambo ya kale na nyaraka za taifa

YAH: KUPOTEA KWA HISTORIA YA STESHENI NDOGO ZA RELI YA TANGA, MOSHI NA ARUSHA

Waheshimiwa,

Ninawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Korogwe. Babu yangu alikuwa poenti mani katika reli hii, kazi yake kugeuza njia ili treni zipishane. Baba alikuwa kwenye gengi, akikaza mataruma kwenye jua la Mkomazi. Mimi nimezaliwa kwenye kota za reli, na hadi leo honi ya treni ya mizigo ikilia alfajiri huwa nashtuka nikidhani nimechelewa shule.

Barua hii sikutaka iwe ya wazi. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe kwa mkono, ikagongwa muhuri wa "Imepokelewa", nami nikarudi nyumbani na nakala yangu nikiwa na matumaini. Ya pili niliambatanisha picha kumi na mbili. Ya tatu nilipoifuatilia niliambiwa faili liko mezani kwa mkubwa, nivute subira. Nimevuta subira miezi kumi na minne. Sitaitaja ofisi niliyozungushwa wala stesheni ambako hayo yalitokea. Vijana niliowakuta zamu hawakuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba vitu walivyokuwa wakivitupa vina thamani. Anayepaswa kuwaambia ni ninyi, na ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Kilichonianzisha ni karanga.

Mwaka juzi nilikuwa stendi nikisubiri basi, nikanunua karanga za shilingi mia tano. Mama muuzaji alikuwa amezifunga kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Nilipomaliza kula nikaikunjua karatasi, maana mwalimu hatupi karatasi bila kuisoma. Ilikuwa nzito, ya manjano pembeni, ina mistari ya bluu na nyekundu na safu za saa: saa treni ilipoombewa njia, saa ilipofika, saa ilipoondoka. Mwandiko wa kalamu ya wino, herufi zote zimelalia kulia kwa adabu. Mwaka 1958. Kwenye safu ya mwisho karani alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba treni imechelewa dakika ishirini kwa sababu ya ng'ombe waliolala njiani. Chini yake, saini.

Nikamuuliza mama karatasi hizi anazitoa wapi. "Nauziwa kwa kilo, mwalimu. Vijana wanazileta kutoka stesheni, wanasafisha stoo." Nikanunua zote alizobaki nazo, kurasa 63, ninazo nyumbani ndani ya bahasha ya kaki. Siku mbili baadaye nilikwenda kwenye stesheni yenyewe, moja ya zile ndogo kati ya Korogwe na Same. Stoo ilikuwa imeshasafishwa. Nyuma ya jengo, chini ya mwarobaini, palikuwa na jivu na pini za chuma zilizokuwa zimeshika madaftari.

Pengine kuna asiyejua daftari lile lilikuwa na kazi gani. Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana hazipishani popote ila stesheni, moja ikiingia kwenye lupu, yaani njia ya pembeni, na kuisubiri nyingine. Dreva hakuwa na ruhusa ya kuondoka mpaka stesheni masta amwite mwenzake wa mbele, aambiwe njia ni nyeupe, aandike saa, ndipo dreva akabidhiwe kibali mkononi. Roho za abiria wote zilikuwa zimeshikwa na mstari mmoja wa wino. Ndiyo maana mwandiko ule ulikuwa mzuri hivyo: aliyeandika vibaya aliweza kuua watu.

Waheshimiwa, kabla sijataja hoja zangu niruhusuni niseme kidogo juu ya njia yenyewe, kwa kuwa nimegundua hata watu wanaoifanyia kazi hawaijui asili yake.

Hii ndiyo reli ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kampuni ya Kijerumani ilianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Mwaka 1896 ilifika Muheza, kilomita 40 tu, pesa zikaisha. Ikalala hapo. Serikali ya Kijerumani ikaichukua mwaka 1899, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mombo ikawa mwisho wa reli kwa miaka kadhaa: ukishuka hapo unapanda milima kwenda Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal, au unajitwisha mzigo na kuendelea kwa miguu kuelekea Upare na Kilimanjaro. Buiko ilifikiwa mwaka 1909. Moshi, kilomita 352 kutoka baharini, ilifunguliwa mwanzoni mwa 1912. Waingereza ndio walioivusha hadi Arusha mwaka 1929.

Itazameni orodha hiyo tena. Muheza, Korogwe, Mombo: kila mahali reli iliposimama kupumua, paliota mji. Wenye maduka walijenga wakiielekea stesheni, wabeba mizigo wakapata makazi, soko likafuata, kisha shule na msikiti na kanisa. Tembeeni leo kwenye miji hii mtaona maduka ya zamani yenye baraza, yametazama reli, na mji mpya umeyapa mgongo kufuata barabara ya lami. Mtoto wa darasa la tano akiniuliza kwa nini mtaa wa zamani uko kule na stendi iko huku, jibu liko stesheni.

Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ikapandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na mkonge huo ulishuka bandarini Tanga kwa reli hii. Ngomeni, Mnyusi, Mazinde: hizo hazikuwa stesheni za kushukia abiria wawili na kuku. Marobota yalipangwa juu kuliko mtu. Na waliokuja kuukata mkonge, manamba, waliotoka mbali hadi kuvuka mipaka ya nchi, wengi wao mguu wao wa kwanza katika mkoa huu ulikanyaga changarawe ya stesheni. Wapo waliozikwa huku bila kurudi kwao. Familia ngapi za Korogwe na Muheza zina babu wa namna hiyo! Nimefundisha wajukuu wao.

Mkumbara, ambayo leo msafiri wa basi anaipita bila kugeuza shingo, wakati wa Wajerumani ilikuwa na njia ya kamba ya chuma iliyoshusha mbao za mwangati kutoka msitu wa Shume, ng'ambo ya genge lile refu, hadi kwenye behewa. Kahe ilipata uzito wake katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916, Waingereza walipounganisha njia yao ya kutoka Voi kupitia Taveta na hii ya kwetu. Kuanzia hapo kahawa ya Moshi ikawa na milango miwili ya kutokea baharini, Tanga na Mombasa, na ndugu wa Taita na Upare wakawa wanazikana na kuozana kwa tikiti ya treni, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa. Na katika vita vya Tanga, Novemba 1914, askari waliowarudisha baharini wanajeshi wa Kiingereza na Kihindi walioshuka kwa maelfu waliletwa kwa treni kutoka upande wa Kilimanjaro, wakipita stesheni hizi hizi usiku na mchana.

Sasa hoja zangu.

1. Madaftari na karatasi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu jengo likibomoka matofali yake hubaki, lakini daftari likichomwa limekwisha. Kila stesheni ilikuwa na daftari la treni, daftari la tikiti, daftari la mizigo, barua za kupandishwa cheo na za kuonywa, ripoti za ajali na za mafuriko. Kwenye kurasa zangu 63 nimeshaona mambo ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote nilichofundishia: miezi ambayo treni za mkonge zilipita mara nyingi kuliko za abiria, siku ambayo njia ilikatwa na mvua, usiku ambao treni ilisimamishwa ili mama mjamzito ashushwe. Nchi yetu ina sheria ya kumbukumbu na nyaraka za taifa ya mwaka 2002, na ina jengo la kuzitunzia. Karatasi za mashirika ya umma haziuzwi kwa kilo. Naomba mnijibu waziwazi: tangu treni za abiria ziliposimama kwenye njia hii miaka ya tisini, ni stesheni ngapi ndogo zimewahi kutembelewa na mtu wa nyaraka?

2. Vibao, kengele na vyuma. Stesheni niliyoisema ilikuwa na kibao cha chuma chenye jina lake na mwinuko wake kutoka usawa wa bahari. Tulipokuwa watoto tulipima urefu wetu kwa kusimama kwenye nguzo yake. Kibao kimekatwa kwa msumeno, nguzo zimebaki kama meno mawili. Kengele ya kuita treni, ambayo kwa kweli ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo na kugongwa kwa nyundo, nayo imekwenda. Tangi la maji lililonywesha injini za mvuke limekatwa vipande. Chuma chakavu kina bei, najua, na mwizi wa usiku ni mwizi tu, nitampeleka polisi. Lakini tangi la maji halikatwi usiku mmoja. Limekatwa mchana, kwa gesi, na gari la kubebea lilikuja mara tatu.

3. Majengo. Tangu mwaka 2019, treni ya abiria iliporudi Moshi kutoka Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikafika Arusha, ukarabati umeanza hapa na pale. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama stesheni kuipokea treni ile. Wazee walilia, nami nililia. Kwa hiyo msinielewe vibaya: ukarabati tuliuomba. Ninachokilalamikia ni namna unavyofanyika. Vigae vinashushwa na kuvunjwa, bati la bluu linapandishwa. Mlango wa mbao ngumu uliodumu tangu enzi za mababu unang'olewa na kuwekewa wa geti. Dirisha la tikiti, lile dogo la upinde ambalo kingo yake ya mbao imelika katikati kwa viwiko vya abiria, linazibwa kwa tofali na kupigwa lipu. Mbele ya dirisha hilo alisimama kila mtu aliyewahi kusafiri kutoka mji huo. Linazibwa asubuhi moja, bila hata picha kupigwa.

Nimeisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Jengo linalolindwa moja kwa moja ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Reli yetu ilianza 1893. Tumepishana na ulinzi kwa miaka 30. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri mamlaka ya kulitangaza jengo la baadaye katika Gazeti la Serikali likalindwa sawa na ya kale. Kalamu ipo. Hatujui kwa nini haijashikwa kwa ajili ya hata stesheni moja ndogo ya hizi zetu.

4. Stesheni zilizobaki pembeni. Treni ya kutoka Dar es Salaam inakuja kwa njia ya kiungo cha Ruvu na Mnyusi, kilichofunguliwa mwaka 1963, halafu inageukia Korogwe. Maana yake ni kwamba haipiti Muheza, wala Ngomeni, wala Pongwe, yaani kilomita zile za kwanza kabisa, mahali ambapo reli ya nchi hii ilianzia. Stesheni inayopitiwa na abiria walau ina macho ya watu. Zile hazina.

5. Watu. Nilipoanza kuzunguka na daftari langu niliorodhesha wazee 29 wa reli, kuanzia Muheza hadi Same: madreva, magadi wa treni, mafundi, mapoenti mani, na mama mmoja aliyeuza machungwa dirishani mwa treni kwa miaka thelathini na kitu, anayezijua ratiba kwa kichwa kuliko karani. Nilipokuwa naandika barua ya kwanza walikuwa 29. Leo wamebaki 21. Mmoja, dreva wa injini za mvuke, alinieleza jinsi walivyokuwa wakisikiliza mlio wa maji ndani ya boila kujua kama watafika tangi linalofuata. "Stesheni zilipangwa kwa kiu ya injini," aliniambia. Tulikubaliana nirudi Jumamosi na kinasa sauti. Alizikwa Ijumaa.

Sasa, waheshimiwa, najua mtakayonijibu, kwa kuwa mengine nimeshajibiwa mlangoni.

Mtasema fedha hakuna. Sijaomba mjenge makumbusho. Kupiga picha jengo kabla ya kulishusha paa hakugharimu kitu. Kila fundi ana simu mfukoni. Kuyatia madaftari kwenye maboksi na kuyapakia kwenye treni yenu wenyewe, inayopita hapo hapo, kunahitaji kamba na maboksi. Hilo la kwanza tu lingefanyika, mimi nisingeandika barua hii.

Mtasema, kama alivyoniambia ofisa mmoja kijana kwa nia njema kabisa, kwamba majengo haya ni ya wakoloni na hatuna sababu ya kuyalilia. Hili nalijibu kwa utulivu kwa kuwa ni hoja ya maana. Mjerumani alichora ramani. Tuta lilichimbwa na nani? Mawe yalibebwa na nani? Wanyamwezi na Wasukuma walitembea wiki nyingi hadi pwani hii kutafuta kazi, na watu wa Bonde, Usambaa na Upare walitolewa mashambani mwao, wengine bila hiari. Stesheni ilikuwa mahali Mwafrika aliposhikishwa foleni yake na daraja lake la tatu. Pia ilikuwa mahali alipojifunza kuungana. Wafanyakazi wa reli walipogoma mwaka 1960, chini ya chama chao ambacho Kasanga Tumbo alikuwa miongoni mwa viongozi wake, mgomo ulidumu zaidi ya miezi miwili, na kwenye kota zetu watu waliishi kwa mihogo ya majirani. Baba yangu aliufuata mgomo ule hadi siku ya mwisho. Mkibomoa stesheni kwa kuwa ni ya mkoloni, mnabomoa na alipogomea baba yangu.

Mtasema majengo yamechakaa, ni hatari kwa watu. Mengine ni kweli, nimeona nyufa zinazopitisha mkono. Jengo la hatari lizungushiwe uzio, lipimwe na kuchorwa, na likishindikana kabisa lishushwe kwa utaratibu, vigae na milango vikitunzwa vitibu jengo jingine. Alama ya X nyekundu isiwe ndiyo hitimisho la uchunguzi.

Mtasema kazi ya reli ni kubeba abiria na mizigo, historia iwaulize watu wa mambo ya kale. Nao watu wa mambo ya kale wameniambia stesheni ni mali ya reli. Nimekwenda na kurudi kati ya milango hii miwili mpaka soli ya kiatu imetoboka. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia wote kwa pamoja, ili asiwepo wa kunielekeza kwa mwenzake. Wenzetu wa Nairobi walifungua makumbusho ya reli mwaka 1971, wakati shirika lilikuwa moja la nchi tatu, na pale inatunzwa injini kubwa ya mvuke, aina ya Garratt, iliyopewa jina la Mlima Gelai. Gelai ni mlima wetu, uko karibu na Ziwa Natron. Nawapongeza walioihifadhi injini hiyo. Nakumbusha tu kwamba waliofanya hivyo walikuwa watu wa reli.

Na mtasema reli ya kisasa inakuja. Tunaisubiri. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma tumeiona, na mipango ya njia kama hiyo kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma imetajwa mara nyingi. Hofu yangu iko hapo hasa. Njia mpya haitasimama Mkumbara wala Lembeni. Siku itakapoanza, hizi stesheni ndogo zitakuwa hazina mwenyewe hata wa kumlalamikia. Muda wa kuziandika ni huu, wakati bado kuna mtu ana ufunguo.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi:

Kwanza, itolewe amri leo, ya karatasi moja, ibandikwe kila stesheni kutoka Tanga hadi Arusha: hakuna daftari, barua, kibao, kengele wala kifaa cha zamani kitakachotupwa, kuuzwa au kuchomwa mpaka mtu wa nyaraka afike. Hili halihitaji kikao.

Pili, kabla ya mwaka wa fedha ujao kuanza Julai mosi, ifanywe orodha ya stesheni zote za njia hii, kubwa na ndogo, zilizo hai na zilizokufa: mwaka iliojengwa, picha za pande zote nne na za ndani, mchoro, hali yake, na vitu vilivyobaki. Orodha hiyo iwekwe mahali mwananchi anaweza kuiona.

Tatu, stesheni chache za njia hii zipendekezwe kwa waziri zitangazwe. Kama nikiulizwa, ningeanza na Muheza, ambako reli ilikwama kwa mara ya kwanza, na Mombo, ambako ilikwama kwa muda mrefu. Wataalamu wachague kwa vigezo vyao. Nitakubali uamuzi wao.

Nne, mkandarasi yeyote wa ukarabati awekewe katika mkataba wake sharti la kutogusa dirisha la tikiti, milango na vigae bila kibali. Bati likiwa halina budi, sawa, lakini dirisha la tikiti haliingizi mvua.

Tano, mtu mmoja mwenye kinasa sauti aje akae nami mwezi mmoja. Wazee 21 wanamsubiri. Chakula na malazi atapata kwangu.

Kurasa zangu 63 niko tayari kuzikabidhi kwa maandishi, bila kudai hata senti niliyomlipa mama wa karanga. Sitaziacha mapokezi. Nitazikabidhi mkononi kwa atakayenionyesha boksi zitakamowekwa na namba ya boksi hilo. Kila Jumatano asubuhi nakuwa stesheni ya Korogwe, kwenye benchi la upande wa reli, na bahasha ya kaki ninayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mtoto wa kota za reli
Korogwe

Nakala: Wazee wa reli wa Muheza, Korogwe, Mombo na Same